Bakteria Hujuaje Kuwa Zebaki Imeingia? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika habari fupi kuhusu bakteria wanaoishi kwenye tope lenye zebaki, na kwa mstari mmoja tukasema kwamba jeni zao za usugu huwaka pale sumu inapofika. Mstari huo mmoja umetuletea barua nyingi kuliko habari yenyewe. Barua zilizofanana tumeziunganisha, na zilizobaki tunazijibu hapa, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa ufupi, kwa kadiri swali lenyewe linavyodai.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa kwamba bakteria hana ubongo wala neva. Mnaposema anawasha jeni zake zebaki inapofika, ni nani anayempa habari? Na kwa nini asiziache zikiwa zimewaka siku zote, ili asishtukizwe?

Jibu: Tuanze na sehemu ya pili ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini ile ya kwanza ina uzito. Kila protini inayotengenezwa na seli inagharimu malighafi na nishati. Bakteria anayeishi mahali pasipo na zebaki huku akiendelea kutengeneza protini za kupambana nayo hupitwa na jirani yake asiyefanya hivyo, kwa sababu jirani huyo hugawanyika upesi zaidi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayotajwa kwanza katika vitabu vingi, lakini kwa zebaki ipo hoja nyingine ambayo kwa maoni yetu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba silaha zenyewe ni za hatari kwa mwenye kuzibeba.

Jeni za usugu dhidi ya zebaki hukaa pamoja katika kundi liitwalo operoni ya mer. Miongoni mwa protini zinazotokana nazo zimo MerP na MerT, ambazo kazi yake ni kuiingiza zebaki ndani ya seli. Hatujakosea kuandika: ni kuiingiza. MerP huidaka zebaki katika nafasi iliyo kati ya utando wa nje na utando wa ndani, MerT huipitisha kwenye utando wa ndani, na huko ndani inapokewa na kimeng'enya MerA. Kimeng'enya hiki huipa ayoni ya zebaki elektroni mbili na kuigeuza kuwa zebaki isiyo na chaji, ile ile iliyokuwa ikitumika kwenye vipimajoto vya zamani, ambayo hupenya utando kwa urahisi na kutoka ikiwa mvuke. Mpango huu hufaulu tu iwapo MerA ipo tayari kumpokea mgeni. Watafiti walipoiondoa jeni ya MerA na kuziacha zile za kuingiza zebaki, bakteria waliobaki walidhurika kwa kiasi kidogo cha zebaki kuliko hata wale wasio na usugu wowote. Kwa hiyo kuacha mlango wazi siku zote si tahadhari. Jeni hizi zinapaswa kuwaka pamoja, kwa wakati wake, na kuzimika pamoja.

Sasa tuje kwenye mpasha habari. Mpasha habari ni zebaki yenyewe, na anayeipokea habari ni protini moja ndogo iitwayo MerR. Ili uelewe inavyofanya kazi, kumbuka kwamba mashine ya kunakili jeni, yaani polimerasi ya RNA, hutafuta alama mbili kwenye DNA kabla ya kuanza kazi. Umbali kati ya alama hizo kwa kawaida huwa jozi 17 za besi, yaani herufi za DNA, na tofauti ya jozi moja si neno. Kwenye operoni ya mer umbali huo ni jozi 19. Jozi mbili zaidi huonekana kama jambo dogo, lakini DNA imesokotwa kama kamba, na kila jozi huzunguka karibu nyuzi 34 kutoka ile iliyotangulia. Nyongeza ya jozi mbili basi huigeuza alama ya pili kwa takriban nyuzi 70, hivi kwamba alama hizo mbili hazitazami upande mmoja. Polimerasi hufika, hushika, lakini haiwezi kuanza.

MerR hukaa katika nafasi hiyo hiyo, katikati ya alama hizo mbili, ikiwa imeundwa na nusu mbili zinazofanana. Zebaki isipokuwepo, MerR huishikilia DNA katika umbo lake lile baya, na polimerasi hukaa hapo imekwama. Ayoni moja ya zebaki ikiingia, hunaswa na atomi tatu za salfa zilizomo katika asidi amino ziitwazo sisteini, mbili kutoka nusu moja ya MerR na moja kutoka nusu ya pili. Kunaswa huko hulibadili umbo la protini, na protini inapobadilika huipinda DNA na kuulegeza msokoto wake, mpaka zile alama mbili zinapokaribiana kutazama upande mmoja. Polimerasi, ambayo ilikuwapo tangu mwanzo, huanza kazi papo hapo. Hakuna aliyetumwa kuiita.

Angalia kwamba MerR haikuondoka mahali pake hata kidogo. Protini ile ile iliyokuwa inazuia ndiyo iliyogeuka kuwa inayoamilisha, na kilichoibadili ni atomi moja ya sumu. Tena mabadiliko hayo ni ya ghafla. Katika mfumo wa kawaida ambamo molekuli moja hujishikiza kwenye protini moja, ili kazi ipande kutoka asilimia 10 hadi asilimia 90 ni lazima kiasi cha molekuli hiyo kiongezeke mara 81. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba kwa MerR ongezeko la takriban mara saba tu linatosha. Kwa hiyo neno "kuwaka" tulilolitumia halikuwa la mapambo: mfumo huu unafanana na swichi ya taa kuliko kitufe cha kupandisha sauti ya redio polepole.

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu wa udhibiti wa jeni ni wa protini inayokaa juu ya DNA na kuzuia, kisha inaondoka molekuli fulani inapojishikiza kwake. Je, kwa metali hakuna mfano wa namna hiyo, au nimekuwa nikiwapotosha?

Jibu: Hujawapotosha, mwalimu. Mfano wako upo, na mzuri wa kufundishia ni ule wa aseniki.

Bakteria wengi, akiwemo E. coli wa kawaida wa utumbo, wana operoni ya ars, ambayo hudhibitiwa na protini iitwayo ArsR. Aseniki isipokuwepo, ArsR hukaa juu ya DNA na kuifunga njia. Aseniki ikijishikiza kwenye sisteini zake tatu, ArsR hubadilika umbo, huiachia DNA, na njia inafunguka. Hapa uamilishaji hauhitajiki, kwa kuwa kinachotakiwa ni kizuizi kuondoka tu. Jamaa wa ArsR wameenea mno katika ulimwengu wa bakteria. Mmoja wao, CadC, uligunduliwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, ya bakteria Staphylococcus aureus, nao huachia DNA unapokutana na kadimiamu, risasi au zinki. Jeni inayofunguliwa na kuondoka kwa CadC hutengeneza pampu CadA, ambayo hutumia ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuisukuma kadimiamu nje. Kuna jambo la kupendeza hapa ambalo huenda ukalitumia darasani: mwaka 1993 zilipotambuliwa jeni za binadamu zinazoharibika katika ugonjwa wa Menkes na ugonjwa wa Wilson, ambayo yote miwili ni ya hitilafu katika usafirishaji wa shaba mwilini, ilionekana kwamba protini zake ni za ukoo mmoja na pampu hii ya bakteria.

Kuhusu aseniki kuna kinaya ambacho hatuwezi kukiacha. Aseniki hupatikana katika maji kwa sura mbili kuu, aseneti na aseniti. Aseneti huingia kwenye seli kwa kujifanya fosfati, maana hufanana nayo sana, na milango ya fosfati haiwezi kufungwa kwa sababu fosfati ni ya lazima. Aseniti ndiyo iliyo kali zaidi. Lakini pampu ya bakteria, ArsB, hutoa aseniti tu, na ArsR yenyewe huitambua aseniti tu. Kwa hiyo seli inayovamiwa na aseneti hulazimika kwanza kuigeuza kuwa sumu kali zaidi, kwa kutumia kimeng'enya ArsC, ndipo iitambue na kuitupa. Bila shaka utaulizwa na mwanafunzi mwerevu: ArsC itatoka wapi iwapo operoni bado imefungwa na ArsR? Jibu ni kwamba hakuna kizuizi kinachofunga kabisa. Daima nakala chache za operoni huponyoka, na kiasi hicho kidogo cha ArsC hutosha kuanzisha kazi.

Kuondoka kwa kizuizi na kupindwa kwa DNA hakumalizi njia zote. Protini tulizozitaja zinahisi metali iliyokwisha kuingia ndani kabisa ya seli. Zipo nyingine zinazohisi metali ikiwa bado kati ya tando mbili. Katika E. coli, protini CusS imepita katika utando wa ndani kichwa kikiwa nje: ikikutana na shaba au fedha hujipachika kikundi cha fosfati upande wa ndani, kisha humpasia mwenzake CusR, ambaye ndiye anayeshika DNA na kuamilisha jeni za pampu.

Na kwa bakteria Cupriavidus metallidurans mambo yamesogezwa hatua nyingine. Bakteria huyu, katika aina yake iitwayo CH34, alipatikana mwaka 1976 kwenye mashapo ya bwawa la kutuliza maji machafu la kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji, na ana plasmidi mbili kubwa zilizojaa jeni za usugu. Kwa nikeli na kobalti hutumia protini tatu: CnrX inayohisi metali nje ya utando wa ndani, CnrY iliyojichomeka katika utando huo, na CnrH ambayo ni kipande kinachoielekeza polimerasi kwenye jeni za usugu. Siku za kawaida CnrY humshika CnrH asiende popote. Nikeli ikigusa CnrX, mshiko huo hulegea na CnrH huachiwa huru. Kwa maneno mengine, badala ya kuzuia DNA, seli imemfunga mjumbe.

Swali: Je, ni sawa kusema bakteria hawa wanakula sumu?

Jibu: La. Chakula huvunjwa, na metali haivunjiki. Dawa inaweza kukatwa vipande na kimeng'enya ikawa si dawa tena, lakini atomi ya zebaki itabaki zebaki na ya kadimiamu itabaki kadimiamu. Bakteria anachoweza kufanya ni kuitoa nje, kuifunga ndani ya protini isiyodhurika nayo, au kuibadili hali yake ya kikemia. Hata kimeng'enya MerB, kinachokata kifungo kati ya kaboni na zebaki katika methili-zebaki, sumu iliyowaangamiza watu wa Minamata nchini Japani, huacha nyuma metani na ayoni ya zebaki ambayo bado inamhitaji MerA. Zipo aina chache za bakteria zinazopata nishati kutokana na aseniki kwa namna ya kupumulia, lakini hiyo ni habari nyingine na jeni zake ni nyingine.

Swali: Nafanya kazi katika maabara ya udongo. Zebaki na kadimiamu naelewa, kwa kuwa bakteria wengi hawana haja nazo. Lakini zinki na shaba ni virutubisho. Bakteria anatofautishaje kati ya kiasi kinachomtosha na kiasi kinachomzidi?

Jibu: Hili ndilo swali tulilolifurahia kuliko yote, kwa sababu linagusa mahali ambapo udhibiti wa jeni unafikia ufundi wake wa juu.

Kwa zinki, E. coli ana vihisi viwili vinavyotazama mizani ile ile kutoka pande mbili. Cha kwanza ni Zur: kikiwa na zinki hushika DNA na kuzifunga jeni za kuingiza zinki zaidi. Cha pili ni ZntR, ambacho ni wa ukoo wa MerR na hufanya kazi kwa namna ile ile ya kupinda DNA: kikipata zinki huamilisha jeni ya ZntA, pampu ya kuitoa. Zinki ikipanda, Zur hufunga mlango wa kuingilia, na ikipanda zaidi kidogo ZntR hufungua wa kutokea. Nafasi iliyopo kati ya vihisi hivyo viwili ni nyembamba sana.

Mwaka 2001 Caryn Outten na Thomas O'Halloran, watafiti wa Marekani, walipima ni kiasi gani hasa cha zinki huru kinachoviamsha vihisi hivi. Walipata kwamba vyote viwili huitikia kiasi cha karibu moli moja iliyogawanywa kwa 1 yenye kufuatiwa na sifuri 15, kwa kila lita. Ili namba hiyo ipate maana, fanya hesabu ifuatayo. Seli ya E. coli ina ujazo wa takriban lita moja iliyogawanywa kwa idadi hiyo hiyo. Atomi moja tu ya zinki ikielea huru ndani ya ujazo mdogo namna hiyo, mkusanyiko wake unakuwa zaidi ya mara milioni moja ya kiasi kinachowaamsha Zur na ZntR. Yaani vihisi hivi vimetegwa kuitikia chini ya sehemu ya milioni ya atomi moja, jambo ambalo kwa kweli haliwezekani kuwepo. Wakati huo huo, seli ile ile ina atomi za zinki zipatazo 200,000 kwa jumla.

Maelezo ya fumbo hili ni kwamba ndani ya bakteria zinki haielei. Kila atomi imeshikwa na protini au molekuli nyingine ndogo, na husogea kwa kupokezana mkono kwa mkono. Kihisi hakihesabu atomi zinazozurura, kwa kuwa hakuna. Kinachofanya ni kushindana na wengine waliomo ndani ya seli: iwapo wote wenye haja na zinki wamekwisha kupata, atomi inayofuata itaangukia kwa Zur, na baadaye kwa ZntR. Kuzidi, kwa tafsiri ya bakteria, ni hali ya kwamba hakuna tena mwenye njaa ya zinki kuliko kihisi.

Kwa shaba, kihisi cha E. coli kinaitwa CueR, nacho pia ni ndugu wa MerR. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba huitikia shaba huru kwa kiasi cha moli moja iliyogawanywa kwa 1 yenye kufuatiwa na sifuri 21. Seli inayojiwekea kiwango cha namna hiyo haivumilii hata atomi moja ya shaba isiyo na mwenyewe, na ina sababu: shaba huru hung'oa metali nyingine kutoka kwenye vimeng'enya, hasa vile vyenye salfa na chuma.

Utauliza, ikiwa MerR, ZntR na CueR ni ndugu, kwa nini zebaki isimwamshe CueR? Siri imo katika mfuko unaoshika metali. CueR huishika atomi kwa salfa mbili tu zilizosimama pande mbili kwa mstari ulionyooka, ndani ya tundu ambalo halina nafasi ya kusawazisha chaji zaidi ya moja. Shaba ndani ya seli huwa na chaji moja, kwa hiyo hupita. Zinki na zebaki zina chaji mbili, kwa hiyo hukataliwa. Fedha na dhahabu zenye chaji moja nazo hupita, hivyo CueR huweza kudanganyika nazo. Salmonella amepata kihisi cha ziada, GolS, kinachoipendelea dhahabu kuliko shaba, ingawa mtu atajiuliza ni lini mdudu wa utumboni alikutana na dhahabu kwa wingi.

Shaba kwa upande wake hukutana nayo mara kwa mara, tena ndani ya miili yetu. Seli za kinga ziitwazo makrofaji zikimeza bakteria, huisukuma shaba kwenye kifuko alimofungiwa ili kumuua. Bakteria wa kifua kikuu ana kihisi CsoR, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, ambacho huachia DNA kinapopata shaba na kuruhusu jeni zinazomkinga zisomwe.

Swali: Mimi ni muuguzi. Nimesikia kwamba metali zinaweza kuongeza usugu wa vimelea dhidi ya antibayotiki. Kuna uhusiano gani, wakati metali si dawa?

Jibu: Metali nyingi zimewahi kuwa dawa, na hapo ndipo tutaanzia. Katika miaka ya 1970, kwenye wodi ya majeruhi wa moto ya hospitali moja mjini Boston, vidonda vilikuwa vikitibiwa kwa nitrati ya fedha. Wagonjwa walishambuliwa na Salmonella ambaye fedha haikumdhuru, na ripoti iliyochapishwa mwaka 1975 ilieleza kwamba alikuwa sugu pia kwa kloramfenikoli na ampisilini. Jeni zake za usugu dhidi ya fedha, zilizobebwa kwenye plasmidi, zilisomwa na kuchapishwa mwaka 1999, na miongoni mwake zilikuwamo za kihisi SilS na mwenzake SilR, ambao ni ndugu wa wale CusS na CusR tuliowaeleza. Mmoja wa waliozisoma ni Simon Silver, ambaye jina lake la ukoo kwa Kiingereza lina maana ya fedha. Sadfa hiyo hatukuweza kuipita kimya.

Uhusiano unaouliza uko wa namna mbili. Wa kwanza ni ujirani. Jeni za usugu dhidi ya metali na zile za usugu dhidi ya dawa mara nyingi hukaa kwenye kipande kimoja cha DNA kinachohama. Kipande kimoja cha namna hiyo, transposoni iitwayo Tn21, iliyopatikana kwenye plasmidi ya Shigella iliyotoka Japani katika miaka ya 1950, ina operoni ya mer, na kando yake ina jeni za usugu dhidi ya streptomaisini na dawa za salfa. Bakteria mwenye Tn21 akikutana na zebaki, anayesalimika anasalimika na mzigo wote, hata kama hakuna tone la antibayotiki lililotumika. Mwaka 1993 Anne Summers na wenzake walieleza kwamba nyani waliojazwa meno kwa mchanganyiko wenye zebaki walikuja kuwa na bakteria wengi zaidi wa utumboni walio sugu kwa zebaki, na wengi wa bakteria hao walikuwa sugu pia kwa antibayotiki. Katika Staphylococcus aureus wa mifugo, jeni czrC ya usugu dhidi ya zinki imepatikana kwenye kipande kile kile cha DNA kinachobeba jeni ya usugu dhidi ya methisilini. Tangu Juni 2022, Umoja wa Ulaya hauruhusu tena oksidi ya zinki kutumika kama dawa katika chakula cha watoto wa nguruwe, na hofu ya usugu wa namna hii ilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na uchafuzi wa udongo.

Namna ya pili ni ya udhibiti, nayo hutajwa mara chache. Ipo mifumo ambamo kihisi cha metali, kikishaamka, huamsha jeni za usugu wa aina nyingine pia. Katika Pseudomonas aeruginosa, protini CzcR, ambayo huamilishwa na zinki, hufungulia pampu ya metali na wakati huo huo huipunguza OprD, tundu la utando wa nje ambalo dawa kama imipenemu hupitia kuingia. Hapa hakuna ujirani wa jeni wala kipande kilichohama. Zinki peke yake humfanya kimelea aipokee dawa kwa uchache. Kwa muuguzi, tofauti hii ina uzito: usugu wa namna ya kwanza hubaki hata metali ikiondoka, lakini wa namna ya pili hutegemea metali kuwepo.

Swali: Ikiwa vihisi hivi ni vikali kiasi hicho, kwa nini tusivitumie kupimia maji? Na je, vipimo vyake vingelingana na vya mashine za maabara?

Jibu: Vinatumika. Huchukuliwa swichi, kwa mfano ArsR na promota yake, yaani sehemu ya DNA ambapo polimerasi huanzia, kisha badala ya jeni za pampu huunganishwa jeni inayotoa mwanga au rangi, kama ile ya kimulimuli. Bakteria aliyepandikizwa mfumo huo akiwekwa kwenye maji yenye aseniki hung'aa, na kiasi cha mwanga hulinganishwa na cha maji yenye aseniki inayojulikana. Vipimo vya ArsR vimekwisha kujaribiwa kwa maji ya visima nchini Vietnam, na huweza kugundua aseniki iliyo chini ya mikrogramu 10 kwa lita, kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa maji ya kunywa.

Kuhusu kulingana, jibu ni kwamba mara nyingine havilingani, na si lazima mmojawapo awe amekosea. Mashine huyeyusha sampuli kwa asidi kali na kuhesabu kila atomi iliyomo. Bakteria huhesabu zile tu zilizofaulu kuingia ndani yake. Zebaki iliyoshikamana na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini itaonekana yote kwenye mashine, huku MerR ikiona kidogo tu. Chuma ikiwa nyingi majini nayo huifunga aseniki, na mwanga hupungua ingawa aseniki ipo, ndiyo maana sampuli za visima hutiwa asidi kidogo mapema, kisha asidi hiyo husawazishwa kabla ya bakteria kuwekwa. Anayetaka kujua jumla ya metali iliyomo katika maji yake atumie mashine. Anayetaka kujua ni kiasi gani cha metali hiyo kinachoweza kuingia katika kiumbe hai, basi amuulize bakteria.